Kidole cha Shaba

Tangu wagongane sokoni Bulla Pesa mwaka wa sabini na nane, maziwa ya Kabale yakamwagikia viatu vya fundi Molu, Kabale hakuwahi kumwona bila tabasamu. Leo alimkuta ndani ya chumba baridi cha nyama cha baba yake Kabale, amevaa ovaroli ya buluu, uso ameukunja, akikagua kitasa cha ndani. Kilivunjika wiki mbili zilizopita, na wiki mbili hizo fundi alikuwa amesusa.

Kabale alikuwa amefuata maini. Upepo wa Isiolo hauna adabu: ulisukuma mlango nyuma yake, komeo la nje likaanguka.

"Vifaa viko nje," Molu alisema.

Waligonga mpaka viganja vikauma. Baba yake, Mzee Golicha, alikuwa nje kando ya injini, na mngurumo wake ulimeza kila sauti. Kabale aliogopa, kusema kweli. Vidole vyake vilishaanza kufa ganzi.

"Mtu wako wa Kinna atakuletea koti," Molu alisema.

"Jirma? Nani alikuambia ni wangu?"

"Mji mzima."

"Mji mzima ulikuwa kwetu? Wazee wake walikuja kuniposa, nikakataa. Baba mpaka leo haongei na mimi. Na wewe unasusia kitasa!"

Molu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mpenzi. Mimi ni mjinga."

"Mjinga sana. Sasa hii baridi itaacha kuingia saa ngapi?"

"Baridi haiingii. Mashine inachukua joto yetu, inaenda kuitupa nyuma ya ukuta. Na nyama ni ya leo, bado ina joto. Mashine itanguruma mpaka jioni." Alionyesha kijiti cha shaba ukutani, kinene kama kidole. "Hiki ndicho kinapima. Kikisikia baridi ya kutosha, injini inazima."

"Basi tukidanganye."

Barafu ilikuwa tele kwenye mabomba, lakini viganja vitupu vingeiyeyusha. Kabale alishika mtandio wake mwekundu. Injini ikinyamaza, baba angekuja mbio, amkute kichwa wazi na mwanamume.

"Utamwambia nini?"

"Nimekuja kuposa."

"Bila wazee? Bila kahawa ya posa?"

"Kahawa itafuata."

Kabale alicheka huku meno yakigongana, akavua mtandio, akaujaza barafu na kukifungia kile kidole cha shaba. Baada ya muda injini ilikohoa, ikanyamaza. Kimya kile kilimtisha kuliko baridi.

Mlango ulifunguka. Golicha alitazama kichwa cha binti yake, kisha fundi.

"Mzee, nimekuja kuposa," Molu alisema, midomo ikitetemeka.

Golicha alivua shuka begani, akamfunika Kabale kichwa. "Umeganda, mama," alimwambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa wiki mbili, na Kabale alilia waziwazi.

Kisha mzee akamgeukia Molu. "Washa mashine, nyama haina kosa. Kitasa utengeneze leo. Wazee ulete kesho."