Barafu ya Mama Povu

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita. Asubuhi ilikuwa na jua jembamba na upepo mkavu, hali ambayo mfua nguo huishukuru kabla hajanawa uso. Uani kwa Mama Povu kamba zilikuwa zimekazwa, mabeseni yamepangwa, mashuka ya nyumba ya wageni yamelowekwa. Ndugu zangu, mngepita pale mngesema: hapa pana amani.

Amani ilivunjwa na shuka moja. Mama Povu alilikamua, akapiga yowe, likaanguka chini. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba hata mfupa hauonekani.

"Barafu!" mumewe akaita kutoka kivulini. "Wanangu, leteni barafu ya mama yenu!"

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe, kwa hiyo nisikilizeni. Mume huyo tulimwita Mzee Kesho, kwa kuwa kazi alikuwa akiianza kesho, tangu kiwanda chao kilipofungwa. Wanawe wawili, wenye ndevu na misuli, walikuwa wakingoja kazi ya hadhi yao. Mama alichumia juani, wao wakalia kivulini. Na hawakuwa watu wakali, la hasha! Kila mkono ulipouma waliuzunguka kama kitoto kichanga: huyu kashika bakuli, yule taulo, baba anaupuliza. Waliubana kwa vipande vya barafu vitupu mpaka ukafa ganzi. Maumivu yakinyamaza, mama alirudishwa kwenye beseni.

Sisi wanawake wa mtaa tulimwonea wivu. "Mwenzetu umebarikiwa," tulimwambia. "Wetu hata maji ya kunywa hawatuletei."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe alizifua yeye.

Jumatatu jioni alikuja darasani. Tulikuwa watu wazima tunaojifunza kusoma, na siku hiyo muuguzi alikuja kutufundisha huduma ya kwanza. Aliandika ubaoni maneno mawili: KUKANDA BARIDI.

"Mtu akiteguka au akigongwa," alisema, "chukua kitambaa kilicholowa maji baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa. Isiguse ngozi ikiwa tupu, itaiunguza. Kanda kama robo saa, kisha uache ngozi ipumzike. Kiungo kiinue, na usikitumie. Uvimbe usipopungua, nenda hospitali."

Mama Povu akainua mkono wa kushoto. "Mwalimu, na ukikanda ili urudi kazini?"

"Hapo hujatibu, mama. Umeufunga mdomo mkono unaokuambia unaumia."

Mama Povu aliutazama mkono wake. Ngozi ilikuwa na mabaka meupe ya barafu. Penseli aliyokuwa ameishika ilikuwa imemponyoka mara ya tatu, na jina lake, alilojifunza kuliandika mwezi ule, siku hiyo liliishia katikati. Hakulia. Aliinamisha kichwa, nami nikajua anaomba, kwa sababu midomo ilikuwa ikitikisika.

Asubuhi ya Jumanne nilipita kwao twende sokoni. Nikamkuta ameketi kizingitini, mkono umening'inizwa shingoni kwa mtandio. Nguo zilikuwa mlima. Mumewe na wanawe walikuwa wamesimama na bakuli lao.

"Mke wangu, barafu inayeyuka. Lete mkono."

"Hauletwi."

"Hauletwi vipi?"

"Mkono ni wangu, na maumivu ni yangu. Barafu yenu kunyweni."

Kijana mkubwa akacheka kwa wasiwasi. "Mama, wageni wa nyumba ya wageni watalalia nini?"

"Watalalia hadhi yako, mwanangu."

"Ni hilo darasa!" Mzee Kesho akafoka. "Limekujaza kiburi!"

"Limenifundisha kuandika jina langu, na ni mkono huu ulioliandika." Sasa alikuwa amesimama. "Siku zote nilimwomba Mungu auponye. Kumbe nilikuwa nikimwomba auponye ili mkauumize tena. Nimebadilisha ombi. Jirani, twende hospitali."

Tukaondoka.

Daktari alisema kano, zile kamba ngumu zinazovuta vidole, zimeumizwa kwa kukamua nguo bila mapumziko. "Ungeendelea, ungeshindwa kushika hata kijiko." Akamfunga gango la kuutuliza mkono. Kidole chake cha mwisho hakikunjiki sawasawa mpaka leo.

Tuliporudi, uani palijaa watu. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa amefuata mashuka yake, na Mzee Kesho alikuwa na mikono ndani ya beseni mpaka kwenye viwiko, povu hadi kwenye nyusi. Wanawe walikuwa wakikamua shuka, mmoja huku na mmoja kule, wote wawili wakilizungusha upande mmoja.

"Mtakamua mpaka kiama!" bibi mmoja akawaambia, na mtaa ukaangua kicheko.

FUNZO

Wapendwa, kukanda baridi ni kutuliza uvimbe ili mwili upone. Barafu na ifungwe kitambaani, kiungo kipumzike, na hospitali isingoje. Lakini jifunzeni na hili: anayekutuliza maumivu ili aendelee kukutumia hajakuhurumia. Ukimpenda anayeumia, shika barafu kwa mkono mmoja, na kazi yake kwa mkono wa pili. Na wewe unayeumia, kusema "sitaki" si dhambi. Mungu aliyekupa mkono hakuutoa uwe chakula cha nyumba nzima.

Sasa niandike ahadi kama ilivyosemwa, maana sote tuliisikia.

Mzee Kesho alijifuta povu. "Mke wangu, nisamehe. Naahidi kwamba kuanzia kesho…"

"Sema leo!" tukapaza sauti.

Akajirekebisha. "Kuanzia leo, nguo zitafuliwa na mimi na hawa wawili."

Mama Povu aliuinua mkono wake wenye gango, tuuone sote.

"Na mimi naahidi, mbele ya Mungu na mbele yenu: siku watakapoacha, mabeseni yatakauka, na mkono huu hautashuka."