Kabla na Baada

Kila asubuhi, kabla ya shule, nilipita dukani kumchukulia mama sabuni. Mama yangu ni dobi. Jumatatu moja niliishia mlangoni. Ukutani palikuwa na picha mbili kubwa. Kushoto ulikuwa uso wangu wenye chunusi, na chini yake neno KABLA. Kulia alikuwa msichana nisiyemjua, mwenye uso laini: BAADA.

Wenzangu wa darasani walikuwa wameshafika.

"Jamani, Kabla huyo!" mmoja alipiga kelele.

Kutwa nzima niliitwa hivyo. Hata mwalimu wa hesabu aliuma mdomo asicheke. Nilirudi nyumbani nikilia, nikaapa kwamba shuleni sikanyagi tena.

"Nani alikupiga picha?" mama aliuliza, mikono ikiwa kwenye povu.

"Yule dada anayetangaza mafuta ya uso pale dukani. Alinipa kikopo cha bure, nikajaza fomu tu."

"Uliisoma?"

"Nilisoma neno BURE."

Nilitoa nakala ya fomu ndani ya daftari. Mama alikausha mikono, akaisogeza fomu dirishani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, iliandikwa kwamba anayepokea zawadi ameiruhusu kampuni kutumia picha yake popote.

"Mama, nimekwisha," nilisema, na kweli niliona nimekwisha.

"Hebu nyamaza, sijamaliza." Kidole chake kiliendelea kushuka. "Aliye chini ya miaka kumi na minane lazima mzazi wake atie sahihi. Mimi nimetia wapi?"

Tulikwenda dukani, yeye na aproni yake iliyolowa. Mwenye duka alijitetea kwamba yeye anauza tu. Mama alimwekea fomu mezani, akamwonyesha mstari, akasubiri. Mwenye duka aliusoma mara mbili, akampigia simu wakala wa mafuta, kisha akapanda kigoda na kuzibandua picha.

Njiani nilimwuliza mama alijuaje kusoma hadi kule chini.

"Mwanangu, siitii nguo ya mtu majini kabla sijageuza kola," alisema. "Nje utaona maua na rangi. Kinachoweza kuiharibu kimeandikwa ndani, kwenye lebo ndogo, mahali ambapo watu hawatazami. Karatasi nayo igeuze kola kwanza, ndipo uandike jina lako."

Picha zilibanduliwa siku ileile. Jina la Kabla lilinikaa hadi mwisho wa mwaka.