Jina la Mtu Aliye Hai

Alhamisi mjini Kisumu ni siku ya fulana za matanga. Maziko mengi huwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi watu hujazana kwenye maduka ya uchapishaji karibu na stendi, picha za marehemu zimo kwenye simu, na kila mmoja anataka wake atangulie. Usiniulize kwa nini hawaji Jumatatu. Hawaji, basi.

Nyuma ya kompyuta siku hiyo alikuwa Dorca, msichana wa miaka ishirini na saba mwenye blauzi ya kijani na nywele zilizosukwa zikarudishwa nyuma. Umati ukamsukuma mbele yake kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, viatu vina mafuta ya injini.

"Jina?" Dorca aliuliza bila kuinua macho.

"Wamucii."

"Pole sana. Alizaliwa lini?"

"Arobaini na moja, nafikiri."

"Na akafariki lini?"

"Nani amefariki?"

"Wamucii."

"Haki, usimuue! Huyo ni nyanya yangu, shosho. Leo asubuhi amenipigia simu kunigombeza kwa nini sijaoa."

Duka zima lilicheka, hata waliofiwa. Dorca aliona haya, akacheka pia.

"Sasa jina lake ni la nini?"

"Nataka herufi safi za tatuu. Hapa." Akajipiga mkononi, chini ya kiwiko. "Ndiye alinilea. Itakuwa ya kwanza, kwa hivyo sitaki mambo ya kubahatisha."

"Huku kwetu jina la mtu linaandikwa hivyo akishakufa."

"Kwetu sisi, mtoto anapewa jina la shosho, na shosho mwenyewe yuko hapo anakula githeri."

"Sasa shosho anabaki na nini?"

"Anabaki na mtoto."

Dorca alimtazama vizuri. Aliitwa Mathenge, kwao Nyeri, na kwa miaka mitatu alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki Kibuye.

"Na wewe unaitwa nani?"

"Dorca Adongo."

"Adongo. Jina tamu." Akaishia hapo.

Mjaluo yeyote asingeishia hapo. Adongo ni pacha wa kike aliyezaliwa wa pili. Aliyemtangulia, akiwa msichana, ni Apiyo. Kwa hiyo ukisema Adongo, mtu huuliza papo hapo: na Apiyo yuko wapi? Kwa miaka miwili Dorca alikuwa akilijibu swali hilo sokoni, kanisani na mbele ya wateja: Apiyo alituacha. Kisha anatazamwa kwa huruma, kama kiatu kilichopoteza mwenzake. Mathenge hakuuliza, maana hakujua kuwa kuna la kuuliza. Dorca alimchapia herufi zake bure, na chini ya karatasi akaandika namba ya simu.

Mapenzi yakaanza, na yalianza kwa maandalizi ya tatuu. Mchoraji alikuwa Nabututu, mwanamke mnene mcheshi mwenye chumba cha ghorofani na masharti mengi. Mteja asinywe pombe siku mbili kabla. Ale ashibe. Akishachorwa asiingie ziwani wiki tatu. Na sharti kubwa: kabla ya sindano, mteja aishi siku saba na mchoro wa kalamu ya wino mkononi. "Hii si shati," alisema Nabututu. "Huwezi kuvua ukifika nyumbani."

Dorca alijifanya msimamizi.

"Umekula?" aliuliza kwenye simu.

"Nimekula, mama."

"Umekunywa nini?"

"Maji."

"Bia ni maji?"

"Jaber, nimesema maji!" Neno hilo, mrembo, alikuwa amefundishwa na Dorca mwenyewe, na alilitumia kila alipobanwa.

"Kesho nitakunusa."

"Njoo hata leo unuse."

Walikwenda hivyo miezi mitatu, kwa sababu Mathenge kila mara aliikimbia sindano na kuahirisha. Kisha shosho alipata habari akalimaliza jambo. Wajukuu wanne tayari wana jina langu, alisema. Unalitaka la nini kwenye ngozi? Mathenge aliona amesema kweli. Herufi alikuwa nazo, mkono alikuwa nao, na moyo wake ulikuwa na jina lingine. Hakumwambia Dorca. Alitaka kumshangaza, na alifaulu kupita kiasi.

Jumapili walikuwa Dunga, ufukweni, sahani ya ngege wa kukaanga katikati yao. Dorca alivaa gauni la maua na hereni mpya. Mathenge akakunja mkono wa shati polepole kama mtu anayefungua zawadi.

"Siku ya pili hii," alisema. "Jumamosi ni sindano."

DORCA ADONGO, kwa wino mweusi, kwa herufi zilezile ambazo Dorca alizipanga kila Alhamisi chini ya nyuso za watu waliozikwa.

"Nani amekuambia nimekufa?" Dorca aliuliza.

Mathenge alicheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la pili.

"Babe, si nilikuambia, kwetu jina la mtu aliye hai..."

"Lifute."

"Ni mapenzi, Dorca."

"Nimesema ulifute!" Aliisukuma sahani, akachukua mkoba, akaondoka akiacha samaki nusu. Mathenge alipiga simu mara kumi na moja bila kupokewa. Ya kumi na mbili ikajibiwa kwa maandishi: Usinipigie.

Dorca alilia usiku huo nyumbani kwake Kaloleni, kwenye chumba alichokuwa zamani akilala na dada yake Apiyo. Angeweza kueleza kwa sentensi moja. Lakini akishaeleza, Mathenge naye angeanza kumtazama kama wengine, na hapakuwa na mtu mwingine mjini ambaye kwake Dorca alikuwa mzima. Aliona afadhali ampoteze akiwa hajui.

Jumatatu Oyugi, fundi aliyetengeneza pikipiki mbele ya duka la Mathenge, aliuona ule mkono.

"Adongo! Kumbe mchumba ni pacha. Na Apiyo je?"

"Apiyo nani?"

Oyugi akaweka spana chini. "Bwana, umetembea na Adongo miezi mitatu na hujauliza Apiyo? Hata polisi huuliza!"

Alipoelezwa, Mathenge alikaa juu ya katoni ya minyororo, akaona aibu iliyomshika hadi masikioni. Kisha akaomba mafuta ya taa na sabuni, akasugua mkono mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Jumanne duka la uchapishaji huwa tupu. Dorca alimwona akiingia, akaona na mkono wake.

"Oyugi ameniambia kuhusu majina," Mathenge alisema. "Kuhusu Apiyo hajui chochote, na mimi pia sijui. Nimekuja kuuliza. Ukinifukuza nitaenda, lakini nitakuwa nimeuliza."

Dorca alisogeza kibodi kando. "Nilikupenda kwa sababu hukuuliza."

"Najua sasa. Niondoke?"

"Kaa. Si hicho, hicho kimevunjika. Chukua kile."

Akasimulia. Emmaculate Apiyo. Walifanana hadi baba yao alikuwa akiwakosea. Ajali ya barabarani, miaka miwili iliyopita. Dorca mwenyewe ndiye aliyetengeneza fulana, mia moja na hamsini, na siku ya maziko akavaa moja, waombolezaji wakaona uso mmoja mara mbili, juu ya shingo na juu ya kifua. Wazee wengine waligeuka upande.

"Mwezi jana nikapita pale wanaosha magari, karibu na ziwa," alisema. "Kuna mtu alikuwa anapangusa gari na hiyo tishati. Sikumkasirikia, nguo ikizeeka ni tambara. Lakini alikuwa anapangusa magurudumu na uso wa dada yangu."

Mathenge alishika mkono wake. Hakusema pole, kwa kuwa alihisi ameshaambiwa pole za kutosha.

"Ile nafasi ya Jumamosi bado iko?" Dorca aliuliza.

"Kwa Nabututu? Iko. Lakini mimi sitaki tena."

"Si yako. Mwambie asogeze mpaka Jumamosi ijayo. Mimi ndiye nitakaa kwenye kiti."

"Dorca, una uhakika?"

"Mwambie."

Siku saba Dorca aliishi na jina la Apiyo kwa kalamu mkononi, akilirudia lilipofifia. Alhamisi wateja waliliona, wakauliza, naye akawajibu bila kuinamisha kichwa. Sasa Mathenge ndiye msimamizi.

"Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Nitakunusa."

"Pumbavu wewe." Alikuwa amezitamani mno simu hizo.

Jumamosi Dorca alikaa kwenye kiti cha Nabututu, mkono umenyooshwa, uso umekunjamana. Mathenge alishika mkono wa pili, akabanwa mpaka vidole vikafa ganzi.

"Dorca. Kwetu binti wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba."

"Nimesikia. Huu si wakati, naumia."

"Wa pili, mama ya mama. Apiyo anaweza kungoja wa tatu?"

Dorca alifumbua macho. Alielewa anachoulizwa, na moyo ukamwenda mbio kuliko ile mashine.

"Apiyo hakuwahi kungoja mtu," alisema. "Alizaliwa kwanza."

"Basi wa kwanza awe wake."

"Na mama yako?"

Mathenge akaitazama simu yake. Mama yake alikuwa amemsubiri mjukuu wa jina lake tangu siku alipozaa mtoto wa kiume. "Nitamwambia."

"Mwambie saa hii. Kabla sijajibu."

Nabututu alizima mashine ili asikose neno. Mathenge akapiga simu, akaongea Kikuyu kwa muda mrefu, jasho likimtoka. Kisha mama akasema maneno machache, na Mathenge akabaki ameshika simu.

"Amekataa?"

"Amesema nikupeleke akuone."

"Na jina?"

"Amesema jina lake halina haraka. Bado analitumia mwenyewe."

Dorca alicheka huku machozi yakimtiririka, akamnyooshea Nabututu mkono amalizie.

"Ayie," alimwambia Mathenge. "Nimekubali."