Wifi Aliyekata Boksi kwa Mkasi wa Kitambaa

Fundi na wifi yake walishona katika chumba kimoja, cherehani zao zikitazamana. Wifi huyo watu walimwita Chapuchapu. Alikula chapuchapu, alisali chapuchapu, na kukosea pia alikosea chapuchapu.

Asubuhi moja alichukua mkasi wa kitambaa wa Fundi, akakatia boksi. Lo! Mkasi wa kitambaa haukati boksi. Unakuwa butu, kisha unatafuna nguo za watu.

"Samahani, wifi, nilisahau," alisema Chapuchapu.

"Utasahau mpaka lini?" Fundi akajibu, akanuna. Mkasi ulinolewa, ukakata vizuri, yeye bado kanuna. Salamu aliitikia kwa shida. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa, huku amempa wifi yake mgongo!

Siku hizohizo Mama Shemasi wa kanisani kwao alimwambia Fundi, "Gauni langu liwe na mikono mirefu." Gauni lile lilikuwa la kushonwa na Chapuchapu. Fundi hakumwambia. Alijisemea moyoni, "Si mjuaji? Shauri yake." Chapuchapu akakata mikono mifupi.

Mama Shemasi alipokuja kulijaribu, alitazama viwiko vyake. "Jamani, mikono yangu imekwenda wapi? Si nilimwambia Fundi iwe mirefu?"

"Ni mimi niliyekata, mama. Sikuambiwa." Machozi yalimlenga Chapuchapu. Akaanza kufungasha nyuzi zake. "Wifi hanitaki tena. Nitatafuta chumba kwingine."

Fundi alishtuka. Alimpenda wifi yake, na sasa alikuwa anampoteza. "Kosa ni langu," alisema. "Nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa na hasira ya mkasi."

"Mkasi!" Mama Shemasi alicheka. "Haya, na mimi ninune kwa ajili ya mikono? Nimeshasamehe. Viwiko navyo vinataka hewa."

Akavuta kiti, akaketi.

"Sikilizeni, wanangu. Yesu ametusamehe makubwa, sisi tushindwe na mkasi? Kosa dogo liombee, amua kuliacha, na usilifukue tena. Likigoma kutoka moyoni, mwambie mwenzako kwa upole, mkiwa wawili tu. Mtu akikupiga au akikudhulumu, hilo usilifunike, tafuta msaada. Lakini haya ya kila siku? Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana."

"Nisamehe, wifi," alisema Fundi.

"Yameisha!" alijibu Chapuchapu, na nyuzi zikarudi mezani.

Wiki iliyofuata Chapuchapu alikalia shati ambalo Fundi alikuwa amemaliza tu kulipiga pasi. Likajikunja lote. Aliruka juu. "Ole wangu!"

Hasira ilimpanda Fundi. Akavuta pumzi, akaomba kimoyomoyo: Bwana, nisaidie niliache hili.

"Washa pasi, wifi," alisema. "Na unimalizie ile habari ya jana."

Chapuchapu akawasha pasi, akaanza kuhadithia. Mwenye shati alipolifuata, aliwakuta wanacheka hata akaona haya kuwakatiza.