Swali Alilonyimwa Baba Mkwe

Kitanda cha pembeni, kwenye chumba cha dharura, kilioshwa kwa dawa na shuka likabadilishwa, lakini bado kilinuka pombe. Pombe ya jana, ile inayotoka kwenye ngozi ya mtu.

"Nani kalala hapa?" muuguzi aliuliza.

"Hajalala mtu, dada," mfagiaji akajibu. "Labda umeanza kunywa wewe!"

Muuguzi hakucheka. Hapo ndipo alipolazwa majuzi baba mkwe wake, kaanguka akiwa amelewa, kapasuka kichwa. Kazini kwao kila majeruhi huulizwa kama anakunywa, kisha huongeleshwa kidogo, kwa upole. Wengine hupunguza, wapo mtaani kwetu, wamenenepa. Lakini mkamwana amuulize mkwe habari za ulevi? Alimshona jeraha, macho kayaangusha chini, akasema, "Pole, baba," akamwacha aende. Siku chache tu baadaye, mzee akaanguka tena mtaroni, asiamke. Sisi majirani tulisema ni presha. Waongo wakubwa sisi.

Mchana huo muuguzi alikaa karibu na fundi pikipiki aliyeteguka mkono. "Kaka, unakunywa pombe?"

"Nakunywa," sauti ikatoka nyuma ya pazia la kitanda cha pembeni. "Mbona mimi hukuniuliza?"

"Sista," fundi akanong'ona, "huyo nani?"

Pazia likajivuta lenyewe, polepole, na ile harufu ikatoka ikiwa nzito hata fundi akaziba pua kwa mkono ule ule mbovu, na kitandani hapakuwa na mtu, ila mto ulikuwa umebonyea katikati kama umebeba kichwa, na pale palipobonyea damu ilikuwa ikichuruzika, mbichi.

Mtoa majini akaitwa, bibi mwenye mdomo kama wangu. Akanusa, akafunga mkoba wake. "Hili halitaki ubani. Linataka swali lake. Muulize."

Muuguzi akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Baba... unakunywa?"

"Tangu mama yenu afe."

"Ungependa kupunguza?"

"Siku ile, mkamwana, ningekubali."

Mto ukainuka. Harufu ikakatika.

Jioni alirudi nyumbani mwepesi kidogo. Mumewe alikuwa mezani, kapasuka kwenye nyusi, ananuka pombe, anacheka ovyo. "Nimejikwaa tu, mke wangu. Usianze maswali."

Muuguzi akainamisha macho, kama alivyozoea. Akachukua pamba.

Mdomo wa mume ulikuwa umefumba, sauti ikatoka kifuani mwake, ya kizee:

"Na huyu, mkamwana, utamwonea haya?"