Afadhali Serikali Kuliko Wifi

Mama Pacha alifuma masweta ya shule. Mashine yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Alianza kazi mara tu watoto wake pacha walipoondoka asubuhi. Huku mkono ukienda kulia na kushoto, macho yalikuwa nje. Aliona nani kapita, nani kasimama, na nani kasimama muda mrefu kuliko inavyopasa.

Mumewe alikuwa fundi wa mafriji. Mtaani walimwita Fundi Baridi. Ujanani alifanya kazi ng'ambo, akiishi na dada yake ambaye hata leo yuko huko. Hakuwa mtu wa kujipamba. Shati lake la kazi lilinuka gesi na grisi, wala hakulionea haya.

Kwa hiyo Mama Pacha alishtuka siku alipomwona amevaa shati la pasi, anagonga mlango wa jirani. Jirani huyo alikuwa mwanamke anayeishi peke yake, mfanyakazi wa ofisi ya kodi. Wote walimwita Afisa. Walizungumza mlangoni kwa sauti ya chini. Kesho yake wakazungumza tena.

Alipomuuliza mumewe, alijibiwa kwamba friji la Afisa linavuja. Mama Pacha akaenda kwa Afisa kuomba maji ya baridi, akafungua friji kwa mkono wake mwenyewe. Lilikuwa zima. Halikudondosha hata tone.

Wivu ukamkaa kifuani kama kaa la moto. Alikuwa mtu wa sala, akasali, lakini hata katika sala sikio lilikuwa kwa jirani. Aliwaza viatu vya Afisa, mkoba wake, mshahara wake wa kila mwezi. Akajitazama kwenye kioo: vipande vya nyuzi kichwani, sugu vidoleni. Roho ikamuuma zaidi.

Jumamosi alimfuata Afisa uani, alikokuwa akianika nguo.

"Jirani, mume wangu anatafuta nini kwako?"

Afisa alimtazama, akaelewa, akauma mdomo asicheke.

"Aliniuliza jambo la kodi. Lakini siwezi kukuambia ni jambo gani."

"Mimi ni mke wake."

"Hata ungekuwa mama yake mzazi. Mambo ya mlipa kodi ni siri. Nikiyatoa nje nafukuzwa kazi. Muulize mwenyewe."

Kuambiwa kwamba mwanamke mwingine ana siri na mumewe kulimtia wazimu Mama Pacha. Alirudi ndani, akazima redio aliyokuwa akisikiliza mumewe, akamwambia avae viatu. Ama aseme yote mbele ya Afisa, ama yeye na watoto wanahamia kwa mama yake leo hii. Fundi Baridi alijua kwamba mkewe hatanii.

Wakaketi sebuleni kwa Afisa. Fundi akaeleza huku akitazama sakafu. Kule ng'ambo, yeye na dada yake walichanga wakanunua nyumba ndogo. Nyumba imepangishwa, na nusu yake ya pango huingia katika akaunti yake, katika benki ya huko huko. Hajawahi kuitaja kwa ofisi ya kodi. Kwa mkewe pia hajawahi. Sasa benki ile imemwandikia kwenye simu kumuuliza anaishi nchi gani, na namba yake ya mlipa kodi ni ipi. Hofu ikamshika, ndipo akaja kuuliza.

Mama Pacha akashusha pumzi. Kumbe hakuna mwanamke. Akaanza kumshukuru Mungu, lakini kabla hajafika mwisho, ule wivu ukapata mlango mwingine.

"Dada yako anajua habari za pesa hizi?"

"Anajua. Ndiye anayesimamia nyumba."

"Kwa hiyo miaka yote wifi anajua kilichomo mfukoni mwako, na mimi ninayekufulia hiyo mifuko sijui."

Afisa akamwambia Fundi amalizie na lililobaki, maana yeye si wa kulisema.

Lililobaki lilikuwa zito. Dada yake alimpa shauri: nusu yake ya nyumba iandikwe kwa jina la dada peke yake, na akaunti ifungwe. Benki haitakuwa na jina la kumtaja, na yeye atatumiwa pesa zake kimyakimya. Karatasi zilikuwa tayari. Jumatatu alitakiwa kutia sahihi.

Mama Pacha aliuliza polepole, "Na siku mkigombana, nyumba ni ya nani?"

"Kwa karatasi, ya dada."

"Na wanangu?"

Afisa akamwomba Fundi ruhusa ya kueleza mambo yake mbele ya mkewe, naye akaitikia kwa kichwa.

"Zamani mtu akiweka pesa ng'ambo, ofisi yetu ilikuwa kama kipofu," Afisa alisema. "Tukiuliza, tunajibiwa kwamba hiyo ni siri ya benki. Wenye mali kubwa walilijua hilo, wakapeleka utajiri wao huko. Hapa akabaki kulipa mwenye kioski na mfuma masweta. Nchi zisizo na uwezo kama yetu ndizo zilizoumia zaidi, maana zahanati na shule zinangoja pesa hizo hizo. Sasa nchi nyingi zimepatana. Benki ya kule inamuuliza mteja anaishi wapi. Kila mwaka inatoa habari za akaunti yake kwa ofisi ya kodi ya kule, na ofisi hiyo inatuletea sisi. Na sisi tunawapa habari za watu wao walioweka pesa hapa."

"Basi mtaniona tu," alisema Fundi.

"Tutakuona. Kuwa na akaunti ng'ambo si kosa. Kosa ni kuficha pato. Na ukijificha nyuma ya jina la dada, huwezi kusema tena kwamba ulisahau. Hapo umedanganya."

Fundi aliuliza kama atatozwa mara mbili. Afisa akamwambia alete ushahidi wa kodi aliyolipa kule, kwa sababu nchi hizi mbili zina mkataba na kodi hiyo itapunguzwa kwenye ya hapa. Tena anayekuja mwenyewe kabla hajaitwa, adhabu yake huwa nyepesi. Fundi akalalamika kwamba hata hivyo serikali itamkamua.

Mama Pacha akamgeukia.

"Mimi nalipa kodi ya masweta kwa vidole hivi. Wewe unakula pango, hulipi hata senti. Halafu vyote unataka kumwachia dada yako? Serikali ichukue fungu lake, angalau itatuchongea barabara. Afadhali serikali kuliko wifi."

Afisa alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema kazini huwaambia watu walipe kwa kuipenda nchi yao. Huyu ni wa kwanza kulipa kwa wivu, lakini ofisi haibagui.

Jumatatu Fundi hakutia sahihi. Alikwenda na mkewe ofisi ya kodi, wakahudumiwa na mtu mwingine, kwa sababu Afisa alikataa kushughulikia faili la jirani yake. Akataja pango la miaka yote. Hesabu ilimtoa jasho, lakini alipewa nafasi ya kulipa kwa awamu. Benki ya ng'ambo nayo akaijibu ukweli mtupu.

Awamu zilipokwisha, benki ya hapa nyumbani ilimkopesha. Pato lake sasa lilionekana, tena lilikuwa safi. Akafungua karakana barabara kuu, yenye jina lake juu ya mlango.

Wifi alikuwa amenuna muda wote huo. Siku moja akapiga simu, na hakumpigia kaka yake. Alimpigia Mama Pacha. Alikuwa ameuliza huko aliko, akaambiwa kwamba kama nyumba yote ingekuwa kwa jina lake, kodi yote nayo ingemwangukia yeye.

"Wifi, umeniokoa," alisema. "Kuanzia leo mambo ya nyumba tuzungumze sote watatu."

Mama Pacha alifikiri kidogo.

"Tuzungumze," alijibu. "Lakini mpangaji akilipa, wa kwanza kuambiwa niwe mimi."