Siku Phanindra Alipouficha Mkono

Sikukuu ya nyuzi ikifika, Hyderabad nzima huota mikono. Dada humfunga kaka uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, kaka hutoa zawadi na kuapa kumlinda. Raha tupu, isipokuwa kwa kijana anayempenda msichana na hajamwambia. Akifungwa, kwisha: ni kaka yake mpaka siku ya kuni za kumchomea maiti.

Ndiyo maana Phanindra, aliyefukuzwa chuo mara mbili na kuachishwa kazi mara nne, alipomwona Alekhya katikati ya soko la Koti, alirudi kinyumenyume mpaka akakalia kapu la bangili.

Alekhya alivaa koti jeusi la uwakili juu ya suruali pana ya salwari ya manjano, yasmini zikining'inia kwenye msuko. Na mkononi, lo! Uzi mwekundu wenye shanga.

"Phani! Simama! Nakutafuta tangu asubuhi!"

"Nina haraka!"

"Haraka ya wapi, na kazi huna?"

Phani alitoka mbio. Watu wa Koti huapa kwamba kivuli chake kilibaki nyuma, kikawa kinauliza njia. Akajitupa ndani ya bajaji.

"Wapi?" dereva akauliza.

"Mbali!"

Simu ikalia.

"Umemkimbia diwani au umenikimbia mimi?" Alekhya alifoka.

Juzi mpwa wa diwani alipindua mkokoteni wa dosa, zile chapati za mchele, wa rafiki yao Yadagiri, kisa amekataa kuwalisha wapambe wa diwani bure. Akamvunja Yadagiri mkono. Polisi wakaja, wakamkamata Yadagiri! Aliyeona yote ni Phani peke yake, na Inspekta alikuwa amekataa mara tatu kuandika maelezo yake.

"Saa kumi wanampeleka rumande," Alekhya akasema. "Leo nimepata njia. Njoo kituoni."

"Na... ule uzi?"

"Ninao. Bila uzi hakuna kitu. Upesi!" Akakata.

Phani alikitazama kifundo chake kama anayeaga maiti. Huku Yadagiri, aliyemlisha alipofukuzwa hata na baba yake. Huku Alekhya, miezi minane ya chai na utani, na neno moja lililokwama kooni.

"Geuza, bwana."

"Si umesema mbali?"

"Mbali nimeshafika. Geuza!"

Kituoni, akina mama wa mtaa walikuwa wamepanga foleni kuwafunga polisi nyuzi, kama kila mwaka, kamera za magazeti zikimulika. Phani alipenya, akafumba macho, akanyoosha mkono.

"Nifunge. Ila Yadagiri atoke."

"Toa mkono wako hapo, unamziba Inspekta!"

Akafumbua jicho moja. Alekhya alikuwa anakaza uzi kwenye kifundo cha Inspekta, chenye manyoya kama dubu.

"Haya kaka, zawadi yangu?"

Inspekta, akizitabasamia kamera, akachomoa noti ya rupia mia tano.

"Pesa sitaki, kaka yangu. Yapokee maelezo ya shahidi huyu. Sasa hivi."

Tabasamu likaganda kama samli ya asubuhi. Lakini mbele ya kamera tano, kaka gani atamnyima dada? Akaitisha karatasi.

Phani alieleza yote. Jina la mpwa wa diwani alilitaja kwa sauti. Na alijua wapambe wanapafahamu kwake. Inspekta aliandika huku akisaga meno.

"Na mhuni huyu ni nani kwako?" akamuuliza Alekhya.

Alekhya alimtazama Phani: jasho, vumbi, kandambili moja tu mguuni.

"Miezi minane nangoja afungue mdomo. Leo kanikimbia soko zima, eti nitamfanya kaka! Sasa nasema mwenyewe. Kaka yangu ni wewe, Inspekta. Huyu ni shemeji yako."

Kalamu aliyopewa atie saini ikamponyoka Phani, ikaviringika chini ya meza.

Kutoka nyuma ya nondo za mahabusu, Yadagiri akanguruma:

"We shemeji! Saini kwanza, mpumbavu we, utazimia baadaye!"